Kitalu cha Kumi na Saba

Mama Hesabu alikuwa na kazi moja tu: kuhesabu masuke ya ngano yaliyopauka kwa ugonjwa. Pale kwenye kituo cha utafiti wa mbegu ngano haikuachwa iugue kwa hiari yake. Ikishachanua ilipuliziwa kuvu makusudi, kisha vinyunyizio vikailowesha asubuhi na jioni hadi ugonjwa ukolee. Mbegu iliyovumilia ilisonga mbele, iliyoshindwa ilitupwa. Wapita njia walimwona mama wa watu kainama mchana kutwa akiongea na masuke, wakahitimisha wanavyojua wenyewe.

Mwaka huu kitalu cha kumi na saba kilimpa raha. Katika masuke mia, yaliyopauka yalikuwa mawili. Mbegu hiyo ilikuwa ya shemeji yake, mume wa dada yake, mtafiti aliyeihangaikia miaka kumi na mmoja na ambaye alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi. Kesho yake kamati ilikuwa ije kuipitisha. Dada mtu alikwisha kushona nguo ya sherehe.

Mgongo ndio ulioharibu mambo. Ulimkaza, akasimama kujinyoosha, macho yakaenda juu. Kinyunyizio cha kitalu kile kilikuwa kimezibwa na udongo, nyigu kajenga. Akagusa ardhi, kavu. Kitalu cha jirani, tope. Ngano ile ilikuwa haijauonja ugonjwa sawasawa.

Akaubandua udongo kwa kucha, lakini haikusaidia kitu. Kuvu huingilia kwenye maua, na maua yalishapita. Moyo ulimuuma. Akinyamaza, wakulima wataipanda, na mvua ya kwanza wakati wa kuchanua itawaacha mikono mitupu.

Alimkuta shemeji yake ofisini, akipanga hotuba.

"Shemeji, kumi na saba haikupata maji."

Hakuinua kichwa. "Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Kile kinyunyizio nilikiona siku ya tatu ya kunyunyizia," alisema. "Nikajua mafundi hawafiki kule. Na wewe huwa huangalii juu."

Mama Hesabu alikasirika, mara ya kwanza tangu amjue. Miaka yote alidhani anaaminiwa kwa hesabu zake. Alifungua daftari, akazikata namba za kitalu kile kwa mstari mmoja, akaandika "haijapimwa", akalisukuma mbele yake pamoja na kalamu.

"Dada yako nitamwambia nini?"

"Weka sahihi kwanza, shemeji."