Gunzi kwenye Pijo ya Muturi

Siku Muturi alipokuja kwetu Kajiado kutoka Kitengela kumposa mdogo wangu Naisenya, Pijo aliyorithi kwa baba yake ililowesha uwanja wetu oili. Wazee walikunywa chai na kuzungumzia ng'ombe na blanketi, na hakuna aliyetazama chini ya gari. Mimi nilitazama. Kazi yangu ni kuendesha lori la mifugo kutoka Kajiado hadi Kitengela, na mtu asiyejua gari lake linavuja wapi simwamini hata na mbuzi.

"Shemeji, gari yako inavuja," nilimwambia.

"Ni kidogo tu, Resian. Imezoea."

Nikamweleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Osha injini mpaka ing'ae. Ikauke. Inyunyizie poda ya watoto, endesha mpaka barabarani na kurudi, kisha fungua boneti uangalie poda imelowa wapi. Anzia juu, kwa sababu oili huteremka na upepo huisambaza. Akaitikia kwa kichwa, na nikajua hajasikia neno.

Alipokuja mara ya pili, alikuwa ameipaka injini nzima gundi ya silikoni, juu, chini na kando, kama keki iliyopakwa sukari na mtu mwenye haraka. Oili ilikuwa inadondoka vilevile. Nilimuuliza Naisenya kama kweli Kitengela nzima amekosa mwanaume mwingine. Akacheka tu, na kicheko chenyewe kiliniudhi zaidi ya ile silikoni.

Siku ya harusi ikafika. Kwetu, bibi harusi akishapita lango la boma hageuki kutazama nyuma. Akigeuka, ndoa imeingia mkosi. Shangazi yetu aligeuka siku yake, na mpaka leo kwa kila alichokosa maishani inalaumiwa shingo yake. Naisenya aliogopa jambo hilo kuliko kitu kingine chochote. Baba akamnyunyizia maziwa ya baraka, akishika majani mabichi mkononi, nami mwenyewe nikamkalisha kiti cha mbele ili asione watu waliobaki nyuma.

Pijo ikapita lango, ikakohoa, ikatoa moshi chini ya boneti na kusimama. Boma lilikuwa palepale nyuma ya gari. Wimbo ukakatika, na yeyo, mama yetu, akaanza kulia kwa sauti. Naisenya akakaza shingo.

Nilikimbia nikafungua boneti nikiwa na matusi tayari mdomoni. Oili ilikuwa imetapakaa juu ya bomba la moshi, na kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimesukumwa nje ya tundu lake. Nikafuata mpira ambao injini hupumulia. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa gunzi la mahindi, limefungwa vizuri kwa kipande cha tyubu.

"Muturi, hii ni nini?"

"Hapo ndio oili ilikuwa inatoka sana. Nikaziba."

"Injini lazima ipumue, wewe! Ukiiziba hapa, ule moshi wa ndani unasukuma oili itoke kila mahali pengine. Nani alikuambia uoe?"

Nililitupa lile gunzi kwa mbuzi wetu, nao wakalinusa na kuondoka zao. Nikasafisha mpira, nikafuta bomba la moshi, nikarudisha kijiti, nikajaza oili kutoka kwa lori langu. Muda huo wote yeyo aliendelea kulia, na mdogo wangu alitazama mbele kama aliyepigiliwa misumari.

Nikaingia upande wa dereva kuiwasha. Ikaunguruma vizuri. Ndipo nikaona kioo cha katikati, kile cha kuangalia nyuma, kimevalishwa soksi nyeusi.

"Hata kioo kinavuja?" nikasema, nikinyoosha mkono kuivua.

"Wacha hiyo!"

Muturi hakuwahi kunipandishia sauti. Alikuwa ameingiza mkono dirishani na kunishika kifundo cha mkono.

"Naisenya amekaa mbele," akasema, sasa kwa upole. "Hiyo kioo inaonyesha kwenu."

Nikachungulia nje. Vioo vya pembeni pia alikuwa amevikunja. Machozi yalimtiririka Naisenya mpaka kwenye shanga, na shingo yake haikuwa imesogea. Baba, yeyo, wazee wote na mimi niliyemkalisha pale, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekifikiria kile kioo. Niliona haya, na hasira pia, kwamba aliyekifikiria ni yule mtu wa gunzi.

"Na utaendesha aje mpaka Kitengela bila kuona nyuma?"

"Pole pole."

Mjinga kabisa. Nikaivuta soksi ikae sawasawa, nikashuka, nikapanda lori langu.

Nilimfuata kuanzia pale langoni, kupitia Isinya, hadi kanisani Kitengela, taa zangu zikiwaka, nikimpigia honi kila aliyetaka kumsogelea. Njia nzima nilikuwa natafuta oili kwenye lami na kumtukana Muturi kwa sauti, peke yangu. Oili sikuiona. Niliona tu shingo ya mdogo wangu mbele yangu, imenyooka, na mkono wa yule mjinga ukitoka kwenye gia kwenda kumfuta machozi.