Sauti za Mastura

Mastura alipoanza kusema Kireno, Mwalimu Veronika alicheka. Mungu amsamehe, maana kijiji chenyewe kiko jirani na Mahurunga, mto Ruvuma uko pale, na ng'ambo ya mto Wareno walikuwa vitani. Mwaka ule nani alikuwa na hamu ya kucheka?

Kabla ya hapo mtoto alikuwa hasemi kabisa. Ukimwita hageuki, ukimshika anapiga mayowe, ukimwachia anatoka mbio kuelekea mtoni. Mama yake, Mwasiti, alimfunga kamba ya katani kwenye mguu wa kitanda ili apate kwenda shamba. Watu walisema amechezewa na wachawi. Veronika, mwalimu aliyeletwa kutoka bara, aliiona alama ya kamba kwenye kile kifundo kidogo cha mguu, akamfuata mama yake.

"Niletee mtoto shuleni, Mama Mastura," alisema. "Akinishinda nitakurudishia."

Na alikuwa anamshinda hasa, mpaka shule ilipoletewa redio ya betri, ya kusikilizia vipindi vya wanafunzi kutoka Dar es Salaam. Zile ti-ti-ti za kutangaza saa zilipolia, Mastura alikaa. Alikaa, jamani! Akaweka viganja juu ya redio, na kipindi kilipokwisha akakirudia chote kwa sauti ya mtangazaji, na kikohozi chake juu. Veronika akapata pa kushika. Redio ikilia, mtoto anasikiliza; ikizimwa, anaandika alichosikia, herufi moja moja. Korosho zilipoanza kuokotwa alikuwa anaandika jina lake. Mwasiti alilia mbele ya darasa zima bila haya, akaenda kuitundika kamba ukutani.

Mchana, wenzake wakiwa shamba la shule, Veronika alimwacha azungushe kitufe cha kutafutia stesheni. Stesheni ya Wareno ndiyo iliyomchekesha. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza duniani, na Veronika hakuwa na moyo wa kumnyima.

Kisha Mohamedi, kijana wa pale kijijini, akakanyaga bomu lililotegwa kwenye njia ya mtoni, njia wanayoijua wanakijiji peke yao; watu wakasema lazima kuna aliyemwonyesha adui. Wiki hiyo hiyo Mastura alisimama kisimani akatangaza Kireno kwa sauti nzito ya kiume. Wanawake waliacha ndoo zao pale pale.

Thabiti, kamanda wa mgambo, alikuwa kaka yake Mohamedi. Alifika shuleni na vijana wake, macho mekundu.

"Ndugu Mwalimu, huyu mtoto anapokea habari za adui. Na kama anapokea, basi na kutuma anatuma."

"Ni redio hiyo," Veronika alidakia. "Kitufe kimelegea, inahama yenyewe. Mimi sijawahi kumruhusu aiguse. Ichukueni! Kesho mje saa ya kipindi, mtaona ni mtoto tu, amekaa kimya."

"Na akisema?"

"Hatasema."

"Akisema, mama yake achague: tumpeleke wilayani akahojiwe, au afungwe nyumbani asitoke tena." Akaikwapua redio, akaondoka nayo.

Kesho yake darasa lilijaa mpaka madirishani. Mwasiti alikaa chini, kamba mapajani. "Una hakika, Mwalimu?" aliuliza. Veronika alisema anayo hakika.

Mastura aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye meza tupu. Akaweka viganja pale redio ilipokuwa ikikaa.

Ti. Ti. Ti.

Mlio ule ulimtoka mdomoni, kisha akatoa somo la hesabu, na kikohozi cha mtangazaji. Wawili watatu walicheka. Kisha kikaja Kireno, na vicheko vikafa. Mastura hakukomea hapo. Ikamtoka sauti ya kike, ya bara, ambayo kila mtu mle ndani aliijua.

"Zungusha, mama, zungusha. Tafuta Wareno wako. Mwalimu Mkuu hayupo, hatumwambii mtu."

Halafu akacheka, kicheko cha Veronika mwenyewe.

Thabiti aligeuka taratibu. "Mtoto anapokea, au wewe ndiye unayemfundisha? Sema moja."

Veronika aliitazama ile kamba. "Ni mimi," alisema. "Yeye anarudia tu. Chochote utakachomwambia, atakirudia."

"Vizuri. Utakwenda kutueleza huko wilayani ulimwambia nini kingine."

Mlangoni Veronika alimshika Mwasiti mkono. "Usimfunge, nakuomba. Mkalishe, umpe kitu cha kusikiliza."

"Nimpe nini, Mwalimu? Redio wamechukua, na wewe wanakuchukua. Nikienda shamba abaki na nani?" Mwasiti hakuwa na hasira. Mikono yake ilikwishaanza kuikunjua kamba.

Veronika alitembea katikati ya bunduki. Nyuma yake, kutoka darasani, aliisikia sauti yake mwenyewe, ya upole: "Vizuri, Mastura. Kaa. Leo tunaanza herufi mpya."

Ikarudia tena. Mara ya tatu ilikatwa na mayowe ya mtoto.