Mkwe Asiye na Ng'ombe

Mimi Cyriaque sijawahi kushindwa kwa maneno. Kuanzia magereji ya mtaa wetu wa Gikondo mpaka juu kwenye kilima cha Rebero, ukisikia kuna binti anaposwa, jua msemaji wa upande wa binti ni mimi. Katikati ya wiki nafungua injini. Jumamosi nawatoa jasho watu waliokuja kuposa. Kwetu binti hatolewi kwa kuombwa mara moja. Unakataa kwanza. Unasema yuko masomoni Ulaya, unasema ameshaolewa, unasema katika ukoo huu hajawahi kuzaliwa mtoto wa kike. Wageni wanacheka, wanajibu mapigo, pombe inashuka, mnaendelea. Ikifika jioni ng'ombe wanatajwa na binti anatoka.

Basi mwaka wa tisini na mbili akaposwa wa kwangu.

Illuminée ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu ana miaka minne. Alipomaliza shule ya ualimu nilidhani kinachofuata ni harusi. Yeye akaniambia, huku anachambua maharage, kwamba anataka kuwa mtawa. Nikamjibu kwamba hiyo ni kama malaria, itapita. Haikupita. Akaliandikia shirika moja la masista wa Tanzania, nao wakajibu kwamba Sista Winifred, msimamizi wa miito, atakuja kutuona nyumbani kabla hawajamkubali. Akikubaliwa atakwenda Songea kwa malezi ya miaka mitatu, bila likizo ya kurudi.

Miaka mitatu! Nilinuna siku mbili, hata wateja wakaogopa kudai magari yao. Siku ya tatu nikapata akili: kama Kanisa linataka binti, na lije liombe kama watu wanavyoomba. Nikaita wazee wa ukoo, nikaleta bia na pombe ya ndizi, mke wangu Daphrose akapanga viti thelathini upande wa wakwe. Wakaja masista wawili kwa miguu, na mwavuli mmoja.

"Bwana harusi mwenyewe iko wapi?" mzee mmoja akaninong'oneza.

"Iko kila pahali."

"Na ng'ombe?"

"Alizaliwa mu zizi, lakini zile ng'ombe zilikuwa za watu."

Sista Winifred, mama wa makamo mwenye sauti nzito, alikaa akafungua daftari. "Mzee Cyriaque, shikamoo. Nimekuja kwa ajili ya binti yenu Illuminée. Ningependa kumfahamu, pamoja na ninyi mliomlea."

Nikasimama. Nikakohoa kidogo, kama inavyotakiwa. "Masera, karibu sana. Lakini umechelewa. Ile mutoto tulishamuoza mwaka yenye ilipita. Bwana yake iko Gahanga, iko na mashamba. Tena sasa mutoto iko na mimba."

Wazee walipiga makofi. Hilo la mimba lilikuwa jipya, nililitunga palepale. Tukangoja jibu. Msemaji anayejua kazi angesema: huyo mume tunamfahamu, tulimzika juzi. Au angesema: mimba nayo tunaichukua, vyote viwili vifungiwe pamoja.

Sista akafunga daftari. "Poleni," alisema taratibu. "Hakutuandikia hayo. Basi hatutaweza kumpokea. Mungu awabariki." Akachukua mwavuli wake.

Hapo nilipaswa kusema, "Kaa, masera, ni desturi yetu, tunatania." Maneno machache tu. Lakini nilifumba mdomo. Wazee walinitazama, nami nikatazama chupa. Niliwaza: akifika barabarani yamekwisha, Illuminée atabaki, na hakuna wa kunilaumu kwa sababu nimefuata mila. Niliwaza hivyo, na nilifurahi.

Masista walikuwa wamefika langoni Illuminée alipotokea. Binti anayeposwa hatoki ndani mpaka aitwe, hata jiko likiwaka moto. Huyu alitoka mbio, peku, na mwiko mkononi.

"Sista, sina bwana! Sina mimba! Wanatania tu, ni desturi ya posa!" Alipiga kelele kiasi kwamba majirani waliokuwa hawajui lolote kuhusu mimba wakajua.

Sista Winifred akarudi. Hakukaa. "Mzee, ni kweli ulikuwa unatania?"

"Ni kweli."

"Mbona basi umeniacha mpaka langoni?"

Nikaona heri nimweleze ukweli wote, labda ataona haya kutunyang'anya.

"Sitaki aende, masera. Mimi niko na hasira, wateja wananikimbia, yeye ndiye anaenda kuwarudisha. Bibi yangu akigonjwa, yeye ndiye anakesha. Hawa wazee wakigombana wanamuita yeye kwanza, mimi nyuma. Wanaume watatu walimutaka, akawakatalia vizuri mpaka leo wananisalimia. Akienda, hii nyumba itakufa."

Nilivyozidi kusema ndivyo alivyozidi kuandika. Nikaongeza mwendo ili aelewe vizuri. Akafungua ukurasa mwingine. Mwishowe akakaa.

"Asante," alisema. "Mwaka huu nimetembelea nyumba kumi na moja. Karibu zote wamenisukumia binti kabla sijamaliza salamu. Mmoja anamkimbia mama wa kambo, mwingine anakimbia mchumba mzee. Wale hawaitwi na Mungu, wanatafuta pa kulala. Huyu wenu ana mahali anapopendwa, na bado anataka kuja. Nilikuwa na shaka naye, sasa sina. Septemba aje."

Daphrose akapiga vigelegele. Illuminée alinipigia magoti mbele ya wazee, machozi yanamtiririka.

"Data wacu," aliniita, yaani baba mdogo, kama alivyoniita tangu utotoni, "hakuna mtu amewahi kunisemea vizuri hivi."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwa nikimsemea, nilikuwa nikimzuia. Lakini alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona usoni mwake miaka yote niliyomlea. Nikamshika kichwa, nikalia mbele ya wakwe zangu bila haya.