Mbuzi ya Bi Masouda

"Mimi sikukuletea marufaa ya kuwekea msahafu, Hamdan. Nlikuletea mbuzi ya mama yangu ya kukunia nazi, uiweke jikoni. Chuma chake kiko wapi?"

Hamdan alimwambia Nasriya ashushe sauti, mafundi wanasikia. Chuma kilikuwa na kutu, kimetupwa. Na jikoni gani? Jiko limeshafanywa choo cha wageni.

Nyumba ilikuwa ya babu yake Hamdan, hapo Matrah, Omani, imejengwa enzi za yule malkia wa Waingereza, Viktoria. Nguzo za chuma na vioo vya rangi vililetwa kutoka Bombei. Hamdan ameitengeneza iwe makumbusho, na ufunguzi ni kesho. Kila chumba kimeandikiwa kadi ya nani alikaa hapo. Bi Masouda, mama yake Nasriya, aliyewapikia kina Hamdan miaka ishirini na mitano tangu watoke Unguja, hakuandikwa popote. Mbuzi yake imepigwa vanishi, imekunjuliwa katikati ya majlisi, chumba cha kupokelea wageni, na juu yake pamefunguliwa msahafu. Kadi inasema: marufaa ya babu.

"Wageni hawaji kuangalia nazi, dada Nasriya. Vinafanana. Tena hapa imepata heshima kuliko kule."

"Heshima? Mama aliikalia hiyo kila siku ya Mungu. Wewe umeweka msahafu pale alipokaa."

Hamdan akautazama ule ubao, akamtazama Nasriya. Kumbe alikuwa hajui kwamba mbuzi hukaliwa. Amekula wali wa nazi wa Bi Masouda tangu hajaota meno, na mlango wa jiko hakuwahi kuuvuka hata siku moja.

Nasriya alingoja aseme astaghafiru. Angesema hilo tu, angemsamehe na mengine.

"Basi nyamaza mpaka kesho wageni wapite," Hamdan akasema. "Nani atajua?"

Udhu wa adhuhuri Nasriya alikuwa nao bado. Akaunyanyua msahafu kwa mikono miwili, akaupandisha kwenye rafu ya juu kabisa. Kadi akaichana vipande viwili, akampa Hamdan mkononi. Akaikunja mbuzi, akaitia kwapani, akatoka kwa mlango mkubwa huku Hamdan akimwita nyuma.

Hakugeuka. Aliitupia kiti cha nyuma cha gari, akapita sokoni akanunua chuma kipya na nazi tatu, akashika njia ya kwake Al Hail.