Mlango wa Swima

Makumbusho ya mji wa Baraka yalifunguliwa vita vikiwa bado havijaisha, ndani ya ghala la zamani la pamba, na kuingia kulikuwa bure. Kila Jumapili baada ya ibada watu walikwenda kuangalia vyombo vyao. Sufuria, vyerehani, vitanda, vyote walivyoporwa na wanajeshi, vilikuwa vimepanguswa vumbi na kupangwa vizuri. Mwenye nguvu mpishe.

Cha Pulchérie kilikuwa mlango. Siku ya kukimbia kijiji chao cha Swima mama yake hakuweza kutembea, basi Pulchérie akamfungia ndani awe salama, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge. Aliporudi, nyumba haikuwa na mlango wala mama.

Sasa mlango ulikuwa umeegemezwa kwenye ukuta wa matofali, kati ya chombo cha maziwa kilichotoka kijiji cha Bibokoboko na kengele ya shule. Pulchérie alipousogelea, mama yake alikohoa ndani.

"Pulchérie, ni we?"

"Ni mi, mama."

"Fungua basi. Njaa iko inaniuma."

Watu waliokuwa karibu walisogea kando. Mambo ya familia ya mtu hayasikilizwi.

Pulchérie alimfuata Anatole, mkuu wa makumbusho. "Directeur, mama yangu iko ndani. Na ufunguo niko nao."

Anatole alitega sikio mlangoni, akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli, iko ndani. Lakini hapa kuangalia ni bure, kugusa hapana. Ukifungua, huu utakuwa mlango wa nyumba tu."

"Ni mlango wa nyumba!"

Mlinzi wa makumbusho alishusha bunduki begani. Pulchérie aliurudisha ufunguo kwenye pindo. Anatole hakuwa mtu mbaya, alimletea benchi.

Tangu hapo Pulchérie alikuja kila Jumapili na kukaa mbele ya mlango wake, ufunguo mkononi. Ugali aliomletea mama ulibaki nje, maana chakula kilikatazwa.

"Huko wanalipisha ngapi kuingia?" mama aliuliza siku moja.

"Ni bure, mama."

"Basi ingia, mutoto yangu."

Saa ya kufunga ikafika. Mlinzi akaishika kengele ya shule, yeye aliruhusiwa kugusa, akaigonga, na watu wote wakatoka.