Kidole cha Mkulima Bora

Leonia alikibandika kidole gumba kwenye kioo mara ya sita, na mara ya sita mashine ikatoa mlio wake mfupi wa kukataa. Karani wa pasipoti, binti aliyejifunga ushungi wa zambarau, alikishika kile kidole akakigeuzia mwanga wa dirisha. Kilikuwa chekundu, kimevimba, laini kama mgongo wa kijiko.

“Mama, vidole hivi umevifanyaje?”

“Nilivisugua.”

“Na nini?”

“Ndimu na majivu. Halafu jiwe.”

Vingine tisa vilikuwa vivyo hivyo. Wiki mbili nyuma, alipokuja mara ya kwanza, vilikuwa vyeusi kwa gundi ya tumbaku, maana ilikuwa katikati ya kuchuma, na jani bichi la tumbaku halimwachi mtu mkono mtupu. Karani alimwambia akanawe vizuri, arudi. Mwenyekiti wa chama cha wakulima, Masolwa, ndiye aliyemwambia asugue mpaka viwe vyeupe, kwamba wazungu wa melini hawatakaa meza moja na mikono ile. Wachumaji wote wa Usoke wanajua gundi hutoka kwa ndimu na majivu. Jiwe ni la gundi ya miaka. Leonia alikuwa na gundi ya miaka thelathini, akasugua kila jioni kwa siku kumi na moja, hata mwiko wa ugali ukawa unamuuma kuushika. Gundi ikatoka. Mistari ikaondoka nayo.

“Ngozi itarudi,” karani alisema. “Mwezi. Labda miwili.”

“Meli inaondoka tarehe ishirini na nane.”

Karani alitazama mlangoni, ambako watu wengine kumi walikuwa wakisubiri.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Kampuni inayonunua tumbaku ilikuwa ikiwapeleka wakulima bora kumi na wawili, mmoja kutoka kila chama, siku tisa kwa meli ya kitalii: Unguja, Komoro, Madagaska, Shelisheli. Desemba Leonia alisimamishwa mbele ya mkutano, akapigiwa makofi. Tumbaku yake ilikuwa ya daraja la juu kuliko ya mwanamume yeyote pale, na wanaume walipiga makofi polepole.

Hakuwa na hamu ya vyakula vya melini wala ya kulala kwenye kiyoyozi. Babu wa babu yake alitoka Tabora na pembe ya ndovu begani, akatembea hadi pwani, akaitua, akatwishwa majora ya nguo na kurudishwa kesho yake. Bahari aliiona kwa jicho moja. Jingine lilikuwa limezibwa na pembe. Hilo lilisimuliwa nyumbani kwao kwa Kinyamwezi, na watu walicheka kila liliposimuliwa. Leonia alitaka kuiona kwa macho yote mawili, akiwa amekaa.

Nje, Masolwa alikuwa kwenye gari la chama, kiti amekilaza nyuma. Alisikiliza bila kuinuka. Kisha akafungua kidroo cha gari, akatoa pasipoti.

“Nafasi haiwezi kwenda tupu, mama Fikiri. Kitanda kimeshalipiwa. Gaudensia atakuwakilisha.”

Gaudensia alikuwa mke wake. Leonia aliipokea pasipoti kwa viganja, akaifungua kwa ncha ya kucha, akasoma taratibu kama alivyofundishwa darasa la nne.

“Hii imetolewa Novemba.”

“Ndiyo.”

“Mimi nilitangazwa Desemba.”

“Mke wangu ni mtu wa kujiandaa,” Masolwa alisema, akawasha gari.

Picha zilifika Usoke kabla ya msafiri mwenyewe. Dukani zilipita simu hadi simu: Gaudensia amelala kwenye kiti kirefu, glasi mkononi, kofia nyeupe imeandikwa Mkulima Bora. Muuza duka akamuuliza Leonia mbona amenenepa hivyo huko baharini, na mbona wakulima bora siku hizi wanapaka kucha rangi. Leonia alinunua chumvi, akaondoka.

Aprili tumbaku yake ilikuwa imeshakauka, imejaa chumba hadi darini, ikisubiri magunia ya kufungia. Magunia hutolewa na chama tu, na tumbaku isiyofungwa katika magunia hayo haivuki mlango wa soko. Ikikaa, huvuta unyevu na kuota ukungu. Alikwenda ofisini. Masolwa alisukuma karatasi mbele yake, na juu yake kibati cha wino.

Leonia akaisoma. Mimi Leonia Anton nimesafiri, nimejifunza mengi, naishukuru kampuni.

“Sikusafiri, mwenyekiti.”

“Ulisafiri kwa kuwakilishwa. Weka dole.”

“Najua kuandika jina.”

“Kampuni wanapenda dole. Linaonyesha mkulima wa kweli.”

“Hiki kidole kilikataliwa. Ulinipeleka wewe mwenyewe.”

“Ile ni mashine. Hii ni karatasi.” Alitazama bunda la magunia lililokuwa pembeni, kisha foleni mlangoni. “Wenzako wanasubiri. Au nimpe anayefuata?”

Nyuma yake mwanamke mmoja alikohoa. Leonia alikichovya kidole kwenye wino, akakikandamiza chini ya jina lake. Kiliacha duara jeusi, lisilo na mstari hata mmoja. Masolwa alilipuliza likauke.

“Limetoka safi,” alisema. Leonia alikuwa akijifuta kwenye kanga. “Hautoki kwa maji wino huo. Kasugue na ndimu.”

Leonia akainama, akajitwisha bunda begani. Lilimwegemea shavuni, likaziba jicho la kushoto. Alipogeuka kutoka, kwa lile lililobaki aliona picha mpya iliyotundikwa ukutani: Gaudensia na kofia yake, na nyuma yake bahari.