Njia Nyekundu ya Zuleha

"Pole pole, mama, utaipasua! Hizo za chini ziko stuck," alisema Jemima, mfanyakazi mwenzake, ameshikilia ngazi.

Bi Kijakazi akaendelea kukwangua kwa kisu. Alikuwa juu, akibandua ramani ya treni ukutani mwa kituo, na kila alipokisukuma kisu, chini yake ilichungulia nyengine. Kumbe miaka yote watu hubandika mpya juu ya kuukuu. Ya chini kabisa njia zake zilipinda kama zinavyopinda kweli, zikizunguka vilima na mifereji. Juu yake mtu kazinyoosha kwa rula. Juu ya hiyo, Mungu amrehemu aliyefanya, mwengine kazitia rangi: nyekundu, kijani, manjano, zikipishana kama miyaa ya mkeka.

Hiyo ndiyo aliyomfundishia mdogo wake, Zuleha. Zuleha hajui kusoma, Kiingereza hana, lakini mikeka kaisuka tangu utotoni. Kila Ijumaa hutoka mtaa wa Erdington peke yake, akabadilisha treni hapa kituo kikubwa, aende kula kwa dada yao mwengine, Stechford. Huweka kidole kwenye njia nyekundu, akaifuata mpaka kidoti cha pili, ndipo Stechford, akamwita yeyote mwenye sare: "Hapa." Basi huoneshwa treni yake. "Nchi hii nililetwa kama mzigo," husema, "lakini Ijumaa najipeleka mwenyewe."

Kijakazi akateremka, akaikunjua ramani mpya. Akaigeuza, akidhani kaishika kichwa chini.

"Rangi ziko wapi?"

"Si hizo? Zote ni blue, lakini shades tofauti. Ati ndio modern."

"Buluu, buluu, buluu! Huyu kachora njia au kamwaga wino? Kamuuliza nani? Macho anayo, kusoma anasoma, kisha anakuja kumzimia taa mtu asiyekuwa na nyengine!"

"Mama, design si yetu. Bosi Balbir akikuja akute hatujaweka, ni warning."

"Na anipe! Leo Ijumaa, Jemima."

Jemima akaishika ngazi tena. Sambusa za Zuleha alishazila; mtu mwenyewe anamjua.

Kijakazi akaibandika ile mpya, akiipiga pasi kwa kiganja kwa hasira hadi pasibaki hata kipovu. Halafu akakaa kitako sakafuni, watu wakimruka na mabegi yao, akaiweka ramani kuukuu mapajani. Akaukata ule wekundu kwa mkasi, mwembamba, mzima, kama anayechana miyaa. Jemima akatazama huku na huku, kisha akamsogezea gundi.

Alikuwa ngazini tena, anaulaza wekundu juu ya buluu, funguo zilipolia nyuma yake. Balbir, msimamizi wao.

"Kijakazi! Nini hicho unachonibandikia kwenye ramani?"

Kijakazi hakuteremka, wala hakugeuka. Alikandamiza kidoti cha pili kwa dole gumba, akaona kwenye kioo cha pembeni umati unavyoachana, na katikati yake buibui jeusi la Zuleha likija taratibu, kidole keshakinyoosha.